Daktari Aliyeshona Mishipa ya Damu

(Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia kunitaka niseme juu ya msomi mmoja aliyewafaa watu, nilidhani barua imekosea anwani. Miongoni mwetu wamo madaktari, na mimi ni mtu wa mafaili tu. Wanaokumbuka alama zangu za Kemia wanajua kwa nini. Lakini nimekubali, kwa kuwa daktari ninayetaka kumsema aliingia nyumbani kwetu bila ya kupiga hodi.

Jina lake ni Michael DeBakey. Alizaliwa mwaka 1908 katika mji wa Lake Charles, jimbo la Louisiana, Marekani, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Lebanoni. Mama yake alikuwa hodari wa kushona, akamfundisha mwanawe sindano na uzi tangu utotoni. Wapo ambao wangesema hiyo si kazi ya mtoto wa kiume.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Angali mwanafunzi alitengeneza pampu ya kusukuma damu kwa kukamua mpira taratibu, na pampu ya namna hiyo baadaye ikawa sehemu ya mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati moyo unapopasuliwa. Mwaka 1939 yeye na mwalimu wake, Alton Ochsner, waliandika kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu, wakati ambapo hata madaktari walivuta bila wasiwasi. Mwaka 1948 alikwenda Houston, Texas, kuongoza idara ya upasuaji katika chuo cha udaktari cha Baylor. Huko alipasua, akafundisha vijana wa nchi nyingi, na hakuhama tena. Alikuwa mkali ajabu. Msaidizi aliyezembea alitolewa nje ya chumba cha upasuaji papo hapo.

Siku zile mshipa mkuu wa damu, ule utokao moyoni ukashuka tumboni, ukichakaa na kutuna, tiba ilikuwa haba. Waliothubutu walitia kipande cha mshipa wa maiti, nacho hakikupatikana kwa urahisi wala hakikudumu. DeBakey alitaka bomba la kitambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda duka kubwa la Houston kununua nailoni. Akaambiwa imekwisha, ila ipo bidhaa mpya iitwayo Dacron. Akainunua, akaikata, akashona mabomba yake mwenyewe kwa cherehani ya mkewe. Ilikuwa bahati njema, maana nailoni hupoteza nguvu ikikaa mwilini. Dacron ilishika, na hadi leo inatumika.

Sasa nije nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani barazani, na sare niliyovaa hapa kidato cha kwanza aliishona yeye. Alivuta sigara tangu ujana wake. Mwaka 2011, akiwa na miaka 74, kipimo kilionyesha kwamba mshipa wake mkuu umetuna tumboni, kama tyubu kuukuu ya baiskeli inavyotuna mahali pamoja ikijazwa upepo. Daktari alimweleza kwa adabu: “Mzee, tutafungua tumbo, tutashona bomba la kitambaa.”

Baba akauliza, “Kitambaa gani?”

Alipojibiwa kwamba ni jamii ya poliesta, akacheka. Alisema poliesta anaijua, haichakai upesi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Lakini uzi haushiki kwenye kitambaa kilichooza. Niacheni.”

Tulimtii. Miezi saba baadaye mshipa ulipasuka usiku, na hakuiona asubuhi.

Baada ya maziko ndipo nilipomsoma DeBakey, nikakuta naye yalimfika. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, maumivu makali yalimkamata nyumbani kwake. Akatambua mwenyewe: ukuta wa mshipa mkuu umechanika, maradhi yale yale aliyoyapanga katika mafungu na kuyatafutia tiba. Naye alikataa kupasuliwa! Ilipofika Februari 2006 hakuweza tena kujibu. Mkewe, Katrin, alitaka apasuliwe. Madaktari wa nusukaputi wakakataa, wakaogopa atafia mezani, tena kinyume cha neno lake. Kamati ya maadili ya hospitali ikaketi usiku. (Sisi watumishi wa serikali tunavijua vikao vya namna hiyo.) Yule mama akaingia kikaoni bila ya kualikwa, akasema lazima wafanye. George Noon, aliyejifunza kwake na kufanya naye kazi miaka mingi, akampasua kwa muda wa saa saba hivi na kumshonea Dacron. Aliugua miezi mingi, kisha akarudi kazini, na akasema amefurahi kwamba walimpasua. Alifariki tarehe 11 Julai 2008, akiwa amebakiza miezi miwili atimize miaka 100.

Nilipomsimulia mama habari hii, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Na kama angefia mezani, huyo mke angewaambia nini watoto?” Sikuwa na jibu, na sinalo usiku huu. Baba alikuwa na akili zake timamu alipokataa, na hakuna aliyetaka kumvunjia heshima. Lakini hatukumwuliza mara ya pili. Miezi saba ni mingi, na hatukumwuliza.

Ndugu Mwenyekiti, nimepewa ruhusa kutangaza kwamba daktari wa darasa letu yuko meza ya mlangoni na kipimo cha shinikizo la damu. Atapima bure baada ya chakula. Wavutaji watangulie.