Ahadi ni Deni: Malipo ya Uzeeni katika Kisii na Nyamira

Hotuba kwa mkutano wa walimu, wafanyakazi na wakulima, Keroka



Tumekutana Keroka, mji uliokaa mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira, wilaya zilizotenganishwa na ambazo leo ni kaunti. Lakini mpaka uliotuleta hapa si huo. Ni ule unaopita katikati ya boma moja: kaka ni mwalimu wa serikali, ndugu yake ameajiriwa na kampuni, na dada yao huchuma majani chai katika shamba la jirani. Wote watatu huamka alfajiri, na wote watazeeka. Hata hivyo, uzee wao haufanani.

Tuanze na mwalimu. Kwa utaratibu wa zamani wa Sheria ya Pensheni, kila mwezi wa utumishi ulihesabiwa kuwa sehemu moja ya 480 ya mshahara. Aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, alistahili robo tatu ya mshahara wake wa mwisho. Aliweza kuchukua robo ya haki hiyo kwa mkupuo kama kiinua mgongo, na iliyobaki akaipokea kila mwezi hadi kufa kwake. Hakuchangia pensheni yake mwenyewe, kwani ililipwa kutoka katika kodi za wananchi. Tangu Januari 2021, watumishi walio chini ya miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya. Mchango wao ulianza asilimia 2 ya mshahara na kupanda hadi 7.5, na serikali ikapaswa kutia asilimia 15.

Twende kwa ndugu yake wa kampuni. Yeye hutegemea NSSF, hazina iliyoanzishwa mwaka 1965. Kabla ya Februari 2023 mchango haukuzidi shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwake na 200 kutoka kwa mwajiri. Hebu tuhesabu pamoja. Hata kama angechangiwa kiwango hicho kwa miaka 30 bila kukosa mwezi mmoja, jumla ni shilingi 144,000 kabla ya faida. Tangu wakati huo mchango umekuwa asilimia 6 kutoka kila upande, hadi kikomo kilichowekwa na sheria. Ni hatua njema, lakini haimfai yule aliyekwisha kustaafu, wala yule ambaye mwajiri wake humkata na asiwasilishe.

Na dada je? Hulipwa kwa kilo. Hana barua ya kazi wala hati ya mshahara. Mwenye shamba naye hupeleka majani yake Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Nyamache au Kiamokama, akalipwa kila mwezi na kungoja bonasi. Siku mikono itakapotetemeka, shamba lenyewe litakuwa limekwisha kugawiwa wana, vipande visivyotosha. Posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo serikali ilianza kuwapa wazee wote mwaka 2018 ni ya waliotimiza miaka 70. Kabla ya hapo, mchuma chai hana chake ila watoto wake.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kumpunguzia mwalimu. Sisi tunakataa. Pensheni si sadaka, ni mshahara ambao mtu aliufanyia kazi na malipo yake yakaahirishwa. Wala mwalimu hakupewa nyongeza kwa hisani. Mwezi Oktoba 1997 walimu waligoma wakiongozwa na Ambrose Adeya Adongo wa KNUT. Serikali, ikiukabili uchaguzi wa Desemba, ilikubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa awamu, na ikaichapisha katika Tangazo la Kisheria nambari 534. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, awamu ya kwanza ikalipwa, zilizofuata zikakwama. Mwaka 1998 walimu wakagoma tena. Waliostaafu baada ya tangazo hilo walilazimika kwenda mahakamani kudai pensheni zihesabiwe kwa viwango vipya, na baadhi yao walifariki wakingoja.

Hapo ndipo penye somo. Kinachomtenga mwalimu na dada yake si ukubwa wa mshahara peke yake. Mwalimu ana ahadi iliyoandikwa katika sheria, na ana chama cha kuidai. Na hata hivyo ahadi ilivunjwa! Basi atakuwaje yule asiye na ahadi wala chama?

Tunawaambia walimu wetu kwa heshima: pensheni za zamani zingali zikilipwa kwa kodi, na mchuma chai hulipa kodi kila anunuapo sabuni. Huwalipia ninyi uzee ambao yeye mwenyewe hana. Mnawiwa naye sauti yenu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, anayestaafu alipwe bila kuzungushwa ofisini miezi na miaka. Pili, mwajiri anayekata mchango na kuuficha ashtakiwe kama mwizi mwingine yeyote. Tatu, vituo vya kununulia chai vitumike kuwaandikisha wakulima na wachumaji katika akiba ya uzeeni, kidogo kidogo kwa kila kilo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Hakikusema kila mtumishi wa serikali, kimesema kila mtu.

Mwombaji kura atakapokuja tena Keroka, asiulizwe ni wa ukoo gani. Aulizwe: dada yetu atakula nini akiwa na miaka 60?

Ahadi ni deni, ndugu zetu, na deni hudaiwa.