Kihariri, Betri na Msitu: Zana za Watengeneza Programu wa Nyeri

Mtengeneza programu huchagua mashine ya kufanyia kazi, kihariri cha kuandikia msimbo na, miaka hii ya karibuni, mahali pa kufundishia modeli zake za ujifunzaji wa mashine. Katika Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Nanyuki hadi Meru, Chuka, Embu na Kerugoya, chaguzi hizi si siri ya mtu na meza yake, kwa kuwa karibu kila mmoja wa miji hiyo sasa una chuo kikuu au u jirani na kimoja. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho kando ya barabara ya Mweiga nje kidogo ya mji wa Nyeri, kilianza katika miaka ya 1970 kama taasisi ya ufundi iliyotokana na harambee, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta mwaka 2007, na kikapewa hati yake mwaka 2012. Juni 2015 kilipokea mkutano wa Data Science Africa, ambao baadaye ulikwenda Kampala na Arusha. Hayo yanajulikana na hayahitaji kurefushwa.

Kisichochunguzwa vya kutosha ni sababu ya chaguzi zenyewe. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba ni suala la ladha. Huyu anapenda Vim, yule VS Code. Huyu Mac, yule ThinkPad. Kila ndege huruka na mbawa zake, na mjadala umefungwa. Kauli hiyo ina sura ya uungwana, na ndiyo maana imepita miaka mingi bila kuulizwa swali. Hata tafiti kubwa za maoni zimejengwa juu yake. Utafiti wa Stack Overflow wa mwaka 2023, uliojibiwa na watu wapatao 89,000, ulihesabu zana zinazotumika na pia zile zinazotamaniwa. VS Code ilitajwa na takriban asilimia 74 ya waliojibu swali la vihariri, Vim na asilimia 22. Nchi zilizoleta majibu mengi zaidi ni Marekani, Ujerumani na India. Hakuna aliyeulizwa stima ilipotea mara ngapi wiki iliyopita, wala gigabaiti moja ya intaneti inakula sehemu gani ya pato lake. Aliyechagua kimoja kati ya viwili huku akiwa na uwezo wa kuvipata vyote ameonyesha ladha. Aliyechagua kwa kuwa kile kingine kingemaliza bando kabla ya Jumatano amepiga hesabu, na kumwandika katika safu moja na yule wa kwanza ni kuharibu takwimu.

Ushahidi mzito dhidi ya nadharia ya ladha umo ndani ya zana zenyewe. Kihariri cha vi kiliandikwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976. Joy alikuwa akifanya kazi kupitia modemu ya bodi 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ya safu 80 na mistari 24 ina nafasi 1,920, hivyo kuichora yote upya kwa mwendo huo kunachukua zaidi ya dakika nzima. Hapo hakuna anayethubutu kuchora skrini upya kwa sababu ya kosa la herufi moja. Anayeandika anahitaji amri fupi za kufuta neno au kuruka mistari kumi, na kompyuta iguse pale tu palipobadilika. Kituo cha kompyuta alichotumia Joy, ADM-3A cha kampuni ya Lear Siegler, hakikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L, na Escape ilikaa pale ambapo kibodi za leo zina Tab, jirani kabisa na kidole. Kwa hiyo mambo yanayodhihakiwa leo kama ushabiki wa watu wa Vim, kusogea kwa hjkl na kubonyeza Escape kila baada ya sentensi, ni alama zilizoachwa na laini ya simu iliyokuwa polepole na kibodi iliyokuwa haba. Ladha ilikuja baadaye, pale watu walipozoea.

Mrithi wa vi ana historia inayostahili nafasi yake katika ukanda huu. Bram Moolenaar, Mholanzi, alianza kazi ya Vim mwaka 1988 kwa kuwa kompyuta yake ya Amiga haikuwa na vi ya kuridhisha, na toleo la kwanza la umma likatoka 1991. Mwaka 1994 alijitolea kwa mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi. Baadaye aliunga mkono kituo hicho kupitia shirika la ICCF Holland, na Vim ikawekewa ujumbe unaoonekana mara kwa mara ikifunguliwa bila faili, ukimwomba mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Programu ni ya bure. Alichoomba mwandishi wake hadi kifo chake tarehe 3 Agosti 2023 ni mchango kwa Kibaale. Maelfu ya wahandisi wa California wamelisoma jina la Uganda kwenye skrini nyeusi bila kujua kwa nini liko pale. Hilo halithibitishi lolote kuhusu ubora wa kihariri, ila mhadhara wa Afrika Mashariki unaozungumzia vihariri na kuliruka ungekuwa na kasoro.

Masharti ya mwaka 1976 hayajaisha, yamehama tu. Leo yako mahali ambapo mashine ya kurekebishwa imefungwa kwenye mti na mtandao unapatikana kwa simu iliyoinuliwa juu. Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kubadilisha programu ndogo ya kurekodi sauti katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyowekwa ndani ya mkebe wa plastiki wa chakula, matundu yake yamezibwa kwa silikoni na maikrofoni imefunikwa sifongo ili isinase upepo. Leptopu ilikuwa magotini, hotspoti ikitoka kwenye simu, na siafu walikuwa wamekwisha kuonja viatu. Kila herufi iliyobonyezwa ilikawia kabla ya kuonekana. Kwa vi kazi ilikuwa kutafuta jina la kigezo, kubadilisha neno moja, kuhifadhi na kutoka: vibonyezo vichache ambavyo mkono unaweza kuvipiga hata skrini ikiwa imeganda, kwa kuwa hakuna kinachotegemea jicho kuona kishale kikisogea. Kihariri cha Nano nacho kilikuwamo katika mashine hiyo, na anayekipenda angemaliza kazi pia, ila angekaa na siafu muda mrefu zaidi.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba katika maabara za vyuo hivi wanafunzi wengi wanatumia VS Code, na hawaonekani kuteseka. Ni kweli. Vyuo vimeunganishwa na KENET, mtandao wa taasisi za elimu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ananufaika sana na kihariri kinachomkamilishia maneno na kupigia mstari makosa yake. Wiki ya kwanza ya Vim ni adhabu. Lakini VS Code imejengwa juu ya Electron, maana yake inabeba kivinjari kizima cha Chromium tumboni. Kwenye leptopu yenye RAM ya gigabaiti 4, huku kivinjari cha pili kikiwa wazi, taa ya diski haipumziki. Wapo wanaojibu kwamba inatosha kuunganisha VS Code na mashine ya mbali kwa SSH. Njia hiyo husakinisha seva yake katika mashine ya mbali, na seva hiyo inadai angalau gigabaiti 1 ya RAM na, kwa mashine za ARM, chipu ya ARMv7 kwenda juu. Raspberry Pi Zero ya kwanza ina ARMv6 na megabaiti 512. Imekataliwa mlangoni, na aliyeikataa ni karatasi ya vipimo. Baada ya kupima yote hayo, msimamo wa mhadhara huu unabaki palepale: anayekusudia kuweka mashine nje ya jengo lenye stima sharti ajue vi, hata kama kwa kazi nyingine zote hatoigusa.

Upande wa maunzi unaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa maana uchumi wake uko wazi. Leptopu zinazotawala maduka ya mitumba ya kompyuta ni zile ambazo wauzaji huziita ex-UK: ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya. Husifiwa kwa kibodi zao, na sifa hiyo ni halali. Hata hivyo sababu inayomfanya mwanafunzi azinunue ni kwamba nyingi kati ya zile za zamani huongezwa RAM kwa bisibisi, betri hubadilishwa, na vipuri vyake hupatikana kutoka mashine nyingine iliyokufa. Leptopu mpya nyembamba, zenye RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hazimpi fursa hiyo. MacBook zenye chipu za M, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, huonekana zaidi mikononi mwa wanaolipwa kwa dola na waajiri wa mbali. Wanaozitetea hutaja betri mapema, na katika eneo ambalo stima hukatika hiyo ni hoja ya kihandisi.

Katika ujifunzaji wa mashine nadharia ya ladha inamwachia nafasi ndugu yake, nayo ni imani kwamba kazi huanza na kadi kubwa ya michoro na asiye nayo asubiri. Chanzo cha imani hiyo kinafahamika. Modeli ya AlexNet ya mwaka 2012 ilifundishwa kwa picha milioni 1.2 kwenye kadi mbili za GTX 580, zenye gigabaiti 3 kila moja, kwa siku tano hadi sita. Tangu hapo kadi imechukuliwa kuwa ndiyo sayansi yenyewe. Asiye na kadi hukimbilia huduma ya mtandaoni ya Google Colab, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017, ambayo kwa mtumiaji wa bure hudumu hadi saa 12 na hukata mapema ikiona kimya. Stima ikipotea, ruta huzimika. Muunganisho ukikatika kwa muda, mashine ya Colab huondolewa pamoja na faili zake. Ndiyo sababu mwanafunzi mzoefu huhifadhi nakala ya modeli kwenye Google Drive kila baada ya mzunguko wa mafunzo. Anayemwona kwa mbali atasema ni tabia yake.

Imani ya kadi inajibiwa vizuri zaidi na kazi iliyofanyika Nyeri kwenyewe. Mwaka 2016 Ciira wa Maina, David Muchiri na Peter Njoroge walichapisha katika Biodiversity Data Journal makala kuhusu sauti za hifadhi ya wanyamapori ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Inafaa kusomwa polepole. Kwa rekoda ya gharama ndogo walikusanya rekodi 2,701 za dakika moja moja, za mchana na za usiku, ambazo kwa jumla ni kama saa 45. Sehemu ya rekodi za mchana ilisikilizwa na kuwekewa lebo za ndege waliosikika, na hazina nzima ikaonekana kuwa na spishi zisizopungua 36. Data hizo zilionyesha jinsi spishi zilivyosambaa ndani ya hifadhi, zikadokeza athari ya barabara kuu kwa ndege, na zikathibitisha kuwapo kwa spishi chache za usiku. Hakuna sentensi inayojigamba katika makala hiyo, na waandishi wanasema waziwazi kwamba data imekusudiwa kufundishia mifumo ya kutambua ndege wa eneo la Mlima Kenya.

Ukubwa wa kazi hiyo unapimika kwa karatasi na kalamu. Sauti ikichukuliwa mara 16,000 kwa sekunde, kila sampuli ikishika baiti 2, dakika moja ni megabaiti 1.92, na dakika 2,701 ni kama gigabaiti 5.2. Flash ndogo inatosha. Kila dakika ikigeuzwa kuwa spektrogramu, na vipimo vichache vikachotwa humo, leptopu ya mtumba isiyo na kadi yoyote inaweza kufundisha kitambuzi kidogo cha spishi moja na kutoa majibu ya kujadiliwa. Kinachokosekana kwa urahisi ni mtu anayeweza kusikia sekunde nne za mlio katikati ya mvua na kusema ni ndege gani. Mtu huyo hauzwi dukani.

Kahawa inatoa fundisho hilohilo kwa upande mwingine. Hazina za picha za majani ya kahawa ziitwazo JMuBEN na JMuBEN2, zilizokusanywa katika shamba la Mutira, Kirinyaga, na kuchapishwa mwaka 2021, zina picha 58,555 za majani mazima na yenye maradhi kama kutu. Ni kazi ya maana. Lakini idadi hiyo inajumuisha picha zilizoongezwa kwa kugeuza-geuza zilizokuwapo, na jani lililogeuzwa halizai jani la pili. Nakala za jani moja zikiangukia upande wa mafunzo na upande wa mtihani, asilimia ya usahihi hupanda bila mkulima kufaidika. Kadi kubwa hailitibu tatizo hilo, hulifikisha tu haraka zaidi. Programu ya simu ya Nuru, inayotambua maradhi ya muhogo bila intaneti, imeonyesha kwa upande wake kwamba modeli ndogo inaweza kufanya kazi shambani kwa mkulima mwenye simu ya kawaida.

Idara inayopanga bajeti chini ya mlima huu na ianze kwa rekoda, kadi za kumbukumbu na posho ya wasikilizaji wanaowajua ndege. Kadi ya michoro iwe mwishoni mwa orodha. Rekodi za hifadhi ya Nyeri zilitolewa pamoja na makala iliyo katika jarida lisilotoza msomaji ada, na baadhi yake, za usiku hasa, zilichapishwa bila lebo. Wanafunzi wa Karatina, Embu, Chuka na Meru wenye leptopu yoyote na vipaza sauti vya masikioni wanaweza kuzipakua na kuanza kusikiliza.