Mlonge: Lishe Ndiyo, Muujiza Hapana

Msikilizaji, pale soko la Kariakoo unga wa majani ya mlonge unauzwa kwa maneno mazito: unatibu kisukari, presha, hata saratani, na una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Hesabu hiyo ya kalsiamu ina chembe ya ukweli, lakini inalinganisha gramu 100 za unga mkavu na gramu 100 za maziwa. Hakuna anayekula gramu 100 za unga huo kwa siku. Kijiko kimoja cha chai hakifikii hata nusu ya kalsiamu iliyomo kwenye glasi moja ya maziwa. Vitamini C nayo, inayosifiwa sana kwenye jani bichi, hupotea kwa wingi jani linapokaushwa.

Wapo watakaosema dawa nyingi zimetokana na mimea. Ni kweli kabisa. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotokana na mmea. Lakini dawa hiyo ilichujwa, ikapimwa, ikajulikana kipimo chake. Kwa mlonge, majaribio ya sukari ya damu kwa binadamu bado ni machache na madogo. Kwa hiyo mlonge uliwe kama mboga, pamoja na mchicha na matembele yanayouzwa hapo hapo sokoni. Ila mgonjwa wa kisukari asiache vidonge vyake, na anayetumia unga huo amweleze daktari wake. Maisha ya mtu hayastahili kuwekwa rehani kwa tangazo la biashara.