KITI CHA MMOJA, MALI YA WOTE
Hotuba tuliyoitoa Kamakis, Ruiru



Tumekutana Kamakis, mahali panaposifika kwa nyama choma. Mbuzi tunayemla hapa ana mwenyewe aliyemchunga. Nyati wa Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika, ni wa sisi sote, ndiyo sababu tukamwajiri mlinzi. Je, mlinzi huyo humtumikia nani?

Mwaka 1989 Rais Moi alimteua Richard Leakey kuongoza idara ya wanyamapori, ambayo baadaye ikawa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mwaka 1994 Leakey alijiuzulu kwa mivutano na wakubwa serikalini, akafuatwa na David Western. Mwaka 1998 Western aliondolewa, Leakey akarejeshwa; mwaka 1999 akahamishwa kuongoza utumishi wa umma. Hatuamui nani alikuwa bora. Tunasema kwamba Desemba 1991 Kifungu cha 2A kilifutwa, mlango wa vyama ukafunguka, ilhali milango ya ofisi ilibaki na ufunguo mmoja.

Ofisi ya namna hiyo humfunza mtumishi kumtazama mkubwa kabla ya kuitazama kazi. Mjuzi hunyamaza, msifuji hupanda cheo, na habari mbaya hufika juu imekwisha kutiwa sukari.

Mwaka 2018 vifaru weusi 11 waliohamishiwa Tsavo Mashariki walikufa wote, na maji ya chumvi yakatajwa kuwa chanzo kikuu. Lawama zikarushwa huku na huku. Sisi mawakili twauliza: ni afisa gani wa chini awezaye kusema "tungoje kwanza" bila kuhofia mkate wake?

Katiba ya 2010 imekwisha kujibu. Kifungu cha 232 chataka vyeo vitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili. Kifungu cha 236 chakataza mtumishi kuonewa kwa kutimiza wajibu wake, au kufutwa pasipo kufuata sheria. Basi tudai nafasi zitangazwe, sababu za kumwondoa mkurugenzi zichapishwe, na askari wa porini asikilizwe kabla ya kuadhibiwa.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika ofisi hizi wapiganao ni wakubwa, na nyasi ni tembo wenyewe.