Kulala Ufukweni: Kwanza Uliza Mwezi Una Siku Ngapi

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata za pwani, Wilaya ya Pangani



Nimepewa nafasi nizungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo likilinganishwa na maji ya bomba, barabara na zahanati: familia kufunga mizigo, kualika ndugu na marafiki, na kwenda kulala usiku mmoja ufukweni. Zamani waliofanya hivyo walikuwa wageni. Siku hizi ni sisi wenyewe. Shule zikifungwa, sikukuu ikiangukia mwisho wa juma, utaona mahema na maturubai kuanzia fukwe za upande wa Tanga hadi ng'ambo ya mto, Ushongo na kuendelea kusini. Mimi nalifurahia jambo hili. Mtoto wa Pangani ambaye hajawahi kulisikia wimbi usiku wa manane amenyimwa sehemu ya urithi wake.

Hata hivyo, katika mikutano ya vijiji imesikika hoja kwamba ni heri kulala ufukweni kupigwe marufuku kabisa. Wanaoitoa hoja hiyo ni watu wazima wenye akili zao, nao wanaogopa jambo la kweli, yaani mtoto kuchukuliwa na maji usingizini. Nakubaliana na hofu yao, lakini sikubaliani na dawa yao. Pwani yetu ni ndefu na walinzi wa kuilinda usiku kucha hatuna. Marufuku itawahamisha watu kutoka mahali panapoonekana na kuwapeleka mahali pasipoonekana. Mbali na hilo, elimu inayohitajika tunayo tayari. Imo vichwani mwa wazee waliokaa safu ya mbele hapa, na kila mwaka inapungua kidogo.

Elimu yenyewe ni hii. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Ndiyo sababu maji hayajai saa ileile kila siku, bali kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Bamvua hufikia ukomo wake siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Katikati, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa sikilizeni kwa makini sehemu ifuatayo, kwa kuwa ndiyo inayowaponza watu. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Fikirini maana yake kwa familia iliyofika ufukweni baada ya kazi. Inafika jua limezama, maji yamekwisha kurudi nyuma, mchanga ni mpana, mgumu na tambarare kama uwanja wa mpira. Wanapiga hema, wanapika, wanaimba, na saa 4 usiku bahari iko mbali kiasi kwamba hata kishindo chake ni hafifu. Kila mtu analala kwa amani. Maji huanza kurudi wakati huohuo wa usingizi mzito, na hufika alfajiri, saa ambayo hakuna aliye macho. Usiku huo pia ndio wenye mbalamwezi nzuri kuliko zote, kwa hiyo ndio watu wanaoupenda. Uzuri wa usiku na hatari yake hufuata kalenda moja.

Hesabu ya wazee ni rahisi, na mtoto wa darasa la nne anaiweza. Chukua mwezi mosi au mwezi kumi na tano, weka saa 10. Kwa kila siku inayoongezeka, ongeza dakika 50. Mwezi ukiwa na siku 18, yaani siku tatu zimeongezeka, maji yatajaa karibu saa 12 na nusu. Mwezi ukiwa na siku 22, yatajaa kabla kidogo ya saa 4, nayo yatakuwa maji mafu. Hesabu hii ni ya makadirio. Upepo unaweza kuyasukuma maji yakaja mapema na juu zaidi. Lakini anayeijua hawezi kushangazwa na bahari kwa saa nzima nzima.

Niruhusuni nitoe mfano wa safari niliyokuwamo. Tulikuwa watu wazima tisa na watoto sita: familia mbili za hapa, majirani, na shemeji yetu mmoja kutoka Dodoma pamoja na mkewe na watoto wao. Mwezi ulikuwa wa kumi na sita. Tulichelewa kwa kuwasubiri waliotoka Tanga mjini, tukafika saa 2 usiku. Shemeji, kwa moyo wa kusaidia, akawa wa kwanza kushusha mizigo, akachagua mahali pazuri karibu na maji ili watoto wawe na uwanja wa kukimbia. Hema mbili zilikuwa zimekwisha simama na mafiga yamekwisha wekwa.

Mjomba wetu, mvuvi mstaafu, alikuwa bado anashuka garini taratibu. Hakupaza sauti. Aliwasha tochi akaielekeza chini, akatembea kutoka kwenye hema kupanda juu, mpaka alipokuta mstari wa mwani mbichi. Akaupita. Hatua kama nane mbele akakuta mstari mwingine, wa mwani mkavu uliochanganyika na vijiti na vifuu. Akarudi, akasema, "Shemeji, hapa ulipopachagua ni njia. Mwenyewe atapita alfajiri."

Shemeji akacheka akauliza, "Mwenyewe nani, mjomba, na usiku huu?"

Mjomba akamwonyesha bahari kwa kidevu.

Mnaijua heshima tunayowapa wakwe na mashemeji. Hakuna aliyetaka kumbomolea mgeni hema lake. Ilibidi mjomba mwenyewe ang'oe kigingi cha kwanza, ndipo sote tukasaidia. Mafiga tuliyaacha palepale kwa kuwa chungu kilikuwa jikoni. Adhana ya alfajiri ilipotufikia kutoka kijijini, mafiga yalikuwa ndani ya maji, na mahali pale ambapo watoto wangekuwa wamelala palikuwa na kina cha kufika kiunoni mwa mtoto wa miaka mitano. Wimbi lilikuwa tulivu kabisa. Halikuwa na kishindo cha kumwamsha mtu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni mstari wa mwani. Ule mbichi unaonyesha maji ya mwisho yalipofika. Ule mkavu wa juu unaonyesha bamvua ilipofika. Hema hukaa juu ya ule mkavu, kwa nafasi ya kutosha. Usipouona mstari, muulize mkazi wa pale.

Lakini kuna jambo la pili, na hapa naomba wale wanaodhani ukiwa juu ya mstari basi umemaliza wanisikilize. Ukanda ule wa mchanga mkavu juu ya bamvua ndio kasa naye anaoutafuta. Hupanda usiku, huchimba, hutaga mayai ambayo mara nyingi hupita 100, huyafukia na kurudi baharini. Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Hapa kwetu lina uzito wake wa pekee. Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutaga, nacho kilikuwa na miti. Miti ile imetoweka, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Kasa bado hupanda pale, ila mayai yakiachwa huzama. Ndiyo maana vijana wetu huyachukua na kuyafukia upya katika ufukwe wa Ushongo. (Na kwa wale wanaouliza kila mwaka kama wanaweza kulala Maziwe, jibu ni hilohilo: kisiwa chenyewe hakilali pale.)

Usiku ule wa safari yetu, tulipomaliza kuhamia juu, walitufikia vijana wawili wa kijijini walioona tochi zetu. Walituonyesha vijiti vilivyochomekwa mchangani, hatua chache kutoka kwenye hema letu jipya: kiota. Wakatuomba tuhame tena, tusogee nyuma chini ya mivinje, kwenye ardhi iliyoshikana, na tupunguze mwanga. Shemeji aliguna, na kwa haki, maana ilikuwa inakaribia saa 4. Tukahama. Mwanga una hatari yake: vifaranga wa kasa wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye nuru, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari. Ukiwasha taa kali au moto mkubwa nyuma yao, hugeuka na kwenda nchi kavu, na asubuhi huwa chakula cha kaa na kunguru. Moto ukikokwa juu ya kiota hauhitaji maelezo. Sheria za uvuvi zinakataza kuvua, kuua au kuuza kasa na mayai yake, lakini sheria haiwezi kumkamata mtu aliyekanyaga kiota bila kujua. Anayeweza kumzuia ni jirani aliyemwonyesha vijiti.

Hapo chini ya miti pia kuna uchaguzi. Mvinje ni rafiki; mnazi wenye nazi siyo, hasa kusi kinapovuma. Kwa upepo, miezi ya maleleji, kati ya kusi na kaskazi, ndiyo yenye usiku mtulivu. Vigingi vya kawaida huchomoka mchangani. Jazeni mchanga kwenye kiroba, mfunge kamba, mkizike. Mlangoni mwa mto msiogelee wala msipeleke watoto, usiku wala mchana, kwa sababu mkondo wa mto na maji yanayopwa huvuta kwa pamoja kuelekea nje.

Watu wazima walale kwa zamu. Mmoja awe macho muda wote, na zamu ya kuanzia saa 9 hadi mapambazuko apewe mtu mwenye kichwa kizito kuliko wote, si kijana aliyecheza mpira mchana kutwa. Kabla giza halijaingia, mjulisheni Mwenyekiti wa Kijiji au Mtendaji mko wangapi na mko wapi. Namba 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 112 ni ya Polisi. Ziwekeni kwenye simu. Lakini tuseme ukweli: saa 10 alfajiri, atakayewafikia kwanza ni mvuvi mwenye ngalawa aliyekuwa anajiandaa kutoka. Akiwa anajua kwamba mpo, mmeshapata nusu ya msaada.

Kuhusu usafi sitarefusha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ufukwe haukusamehewa. Chupa na vifuniko vyake virudi na aliyevileta. Makaa yazimwe kwa maji, yasifukiwe tu, kwa sababu mchanga huyahifadhi yakiwa moto na mtoto hupita asubuhi bila viatu. Haja zifanyikie kwenye vyoo; mwenye nyumba ya jirani akiombwa kwa adabu ni nadra kukataa. Na miti ya ufukweni isikatwe kuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka baharini, na mkitaka kujua ufukwe usio na miti huishia wapi, tazameni Maziwe.

Ndugu Mwenyekiti, ninaomba mambo mawili kwa mkutano huu. La kwanza, kila kijiji cha pwani kiwe na ubao mmoja karibu na diko, wenye tarehe ya mwezi na saa ya maji kujaa, unaoandikwa upya kila siku. Hauhitaji bajeti kubwa: ubao, chaki, na mtu anayejua. La pili, mtu huyo asiwe peke yake. Awe na wanafunzi wawili wa shule ya msingi wanaofanya hesabu pamoja naye.

Mzee mmoja aliyeko hapa, ambaye amevua bahari hii kabla sijazaliwa, amekubali kubaki chini ya mwembe baada ya kikao kuonyesha jinsi ya kuhesabu. Leo mwezi una siku kumi na mbili. Wenye watoto waliopanga kwenda ufukweni mwisho wa juma hili, tafadhali waanze wao kumwona.