Duka Kubwa na Uhai wa Mji Wetu

(Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kutimiza miaka 10 ya Umoja)



Kamati imetutaka tuseme machache katika siku hii ya furaha. Ni desturi katika sherehe kama hii kutaja mema na kuyafunika yenye uchungu. Mema tunayo, nayo yameelezwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Lakini liko jambo moja linalozungumzwa barazani na sokoni tangu mwanzo wa mwaka huu, nalo ni lile duka kubwa la kujihudumia, yaani supamaketi, linalokusudiwa kujengwa kando ya soko letu. Wenye duka hilo wanakiomba kiwanja cha Umoja, kile tulichokinunua kwa hisa za wanachama. Mkutano Mkuu ujao hauna budi kupiga kura. Kwa hiyo twaona si haki kulipita jambo hili kimya.

Hakuna asiyeijua hali ya kituo chetu cha biashara hapa Temeke. Fremu zilizokuwa zikigombewa kwa kilemba sasa zimefungwa kwa kufuli, na matangazo ya dalali yamebandikwa milangoni. Mteja aliyekuwa akinunua hapa hupanda basi kwenda Kariakoo, ama huagiza kwa simu akaletewa kwa bodaboda. Mwezi wa Oktoba 2021, wamachinga walipohamishwa kutoka kandokando ya barabara za Dar es Salaam, njia zilipata nafasi. Lakini wengi wetu tuligundua ya kwamba miguu iliyowafuata wale wachuuzi ndiyo iliyokuwa ikiingia madukani mwetu pia. Na mwenye nyumba bado ataka kodi ya miezi sita mbele, biashara iwepo au isiwepo.

Basi si ajabu kwamba wengi wamelipokea duka kubwa kwa shangwe. Wasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu watakuja, taa zitawaka usiku, vijana watapata kazi, na mama wa nyumbani atanunua unga uliopimwa sawasawa na kupewa stakabadhi. Hoja hizi ni za kweli, wala hatuzidharau. Kama baadhi yetu tusingalizoea mizani isiyo sawa, mteja asingalikuwa na sababu ya kututoroka.

Hata hivyo, Bwana Mwenyekiti, yatupasa tuwatazame wageni wa namna hii waliokwisha kufika mjini. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua maduka nchini, na mwaka 2014 ikayauza kwa Nakumatt ya Kenya ikaondoka. Uchumi, nayo ya Kenya, iliyafunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt yenyewe haikudumu: ilielemewa na madeni, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ivunjwe. Huko Kenya waliobaki wakilia ni wale waliopeleka maziwa, mboga na mikate, wakaahidiwa kulipwa baadaye. Mwaka 2022 Game, iliyokuwa pale Mlimani City, nayo ikafunga. Hatusemi watu hao walikuwa wabaya. Twasema ya kwamba uamuzi wa kukaa au kuondoka ulifanywa mbali na hapa, katika vitabu vya hesabu ambavyo mtu wa Temeke hana ruhusa ya kuvifungua.

Tazameni sasa duka dogo la mtaani. Mwenye duka hilo, ambaye watu wa Dar es Salaam humwita Mangi hata kama hajapata kuiona Kilimanjaro, huuza robo kilo ya sukari, kipimo kimoja cha mafuta na kiberiti kimoja. Humwandikia mteja katika daftari hadi mwisho wa mwezi, kwa kuwa amjua yeye na watoto wake. Mama wa genge hununua nyanya alfajiri na kuzipanga mafungu kwa kadiri ya fedha iliyomo mifukoni mwa majirani. Mtu anayepata ujira wake siku kwa siku hawezi kununua mfuko wa kilo 5 kwa sababu tu ndio rahisi zaidi kwa hesabu. Duka kubwa halitafungua daftari lake. Maduka madogo yakifa, na lile kubwa likaondoka baadaye, mtu huyo atanunua wapi?

Lakini tusijidanganye kwamba jina la ushirika peke yake ni dawa. Wale waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844, walikuwa wanachama 28, na mtaji wao ulikuwa pauni 28. Waliuza vitu vichache tu: unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Waliuza kwa fedha taslimu na kwa mizani ya haki, na faida wakaigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu. Hapa kwetu COSATA iliundwa mwaka 1962 ili kuyapatia bidhaa maduka ya ushirika. Nia ilikuwa njema, ila maduka mengi yalifunguliwa kwa haraka, mtaji ukiwa haba na wajuzi wa hesabu wachache, na mengi yakaanguka. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili maduka ya vijiji yashike nafasi, bidhaa zikaadimika. Duka lililofunguliwa kwa amri, bila fedha ya wanachama na bila macho yao, huanguka kama lile la mgeni.

Na sisi wenyewe tu mashahidi. Tulipojaribu kununua sukari kwa pamoja, tuliwaachia wanachama waichukue mali kauli, na Kamati ikaona haya kuwadai rafiki zake. Baadhi hawakulipa hata leo. Kosa lile ni letu sisi viongozi, nasi twalikiri mbele yenu. Lakini hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Tuseme wenye maduka 40 kila mmoja anunua mfuko mmoja wa kilo 50 Kariakoo: kila mmoja apoteza nusu siku na kulipa nauli ya mzigo. Mifuko hiyo 40 ni tani 2 tu. Lori dogo moja laileta yote, kwa nauli moja, na mwenye jumla asikiliza bei ya mnunuzi wa tani 2 kuliko ya mnunuzi wa mfuko.

Kwa hiyo Kamati italeta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo matatu. Kwanza, kiwanja kisiuzwe; kikodishwe sehemu ya nyuma tu, na upande wa barabara ubaki kwa maduka na magenge ya wanachama, ili aendaye duka kubwa apite kwetu. Pili, mkataba useme wazi: mgeni aweke benki dhamana ya kodi ya mwaka mmoja, awalipe wakulima na wauzaji wetu katika siku 30, atoe taarifa ya miezi sita akitaka kuondoka, na jengo libaki mali ya Umoja. Akiyakataa haya, basi na aende kwa amani. Tatu, kodi hiyo ijenge ghala la pamoja, ambamo hakuna mwanachama, awe Mwenyekiti au Katibu, atakayechukua mali kupita hisa zake. Na hesabu za ghala zisomwe kwa sauti kila mwezi.

Wako watakaosema masharti haya yatamfukuza mgeni. Huenda. Lakini mji ulioweka matumaini yake yote katika mlango mmoja hufungwa siku mlango huo unapofungwa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba chetu, mabibi na mabwana, ni hizi fremu ndogo, meza za nyanya na madaftari ya madeni. Twawaomba mje Mkutano Mkuu mkiwa mmesoma mkataba, si mkiwa mmesikia habari zake. Aliyetoa hisa yake ya kwanza miaka 10 iliyopita ana haki ya kujua kiwanja chake kinakwenda wapi, naye ana wajibu wa kuuliza.