Magugu Yanayoliwa

Msikilizaji, mvua za masika zikishanyesha wiki mbili tatu katika nyanda za juu za Kenya, mahindi huwa bado hayajafika hata gotini. Akiba ya msimu uliopita imebaki kidogo ghalani, au imekwisha kabisa. Ni kipindi kigumu jikoni. Lakini kipindi hicho hicho, nyuma ya zizi la ng'ombe, kando ya ua na pale panapotupwa samadi, thabai huwa imechipua tele. Haikupandwa na mtu, na iko tayari kuliwa.

Thabai ni ile ambayo ukiigusa bila kujua unaruka. Jani lake limejaa vinywele vyembamba, na ncha ya kila kimoja ni ya silika, ile ile inayotengeneza kioo. Ncha ikivunjika kwenye ngozi, kinywele humimina maji yenye histamini, na hapo mkono huwaka na kutoa vipele. Watoto wengi wa Nyeri na Nyandarua waliijua thabai kama fimbo ya adhabu kabla ya kuijua kama mboga.

Haya, tuingie jikoni. Huchumwa vile vichwa vya juu tu, majani machanga, kabla mmea haujatoa maua. Yaliyokomaa huwa na chengachenga mdomoni. Vaa glavu, au zungushia mkono kitambaa kizito. Ioshe kwenye beseni ukiigeuza kwa mwiko, kisha itumbukize katika maji yanayotokota. Dakika mbili tatu zinatosha: vinywele vimelegea, mwasho umekwisha, na sasa unaweza kuishika kwa mkono mtupu. Maji yale ya kijani usiyamwage, maana ni supu hayo. Katakata majani, yaponde pamoja na viazi, mahindi na maharagwe, nawe utaona mukimo ukikolea rangi. Wako wanaoyasaga na kuyakandia unga wa chapati. Mimi naipenda zaidi ikikaangwa kwa kitunguu na chumvi basi. Ladha yake iko karibu na mchicha, ila ina uzito zaidi, na ina madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi. Mmea uliokatwa vichwa huchipua tena, kwa hiyo hapo hapo ulipochuma leo utarudi kuchuma.

Na si thabai peke yake. Karibu kila jani la porini lina inda yake, na kila jamii iligundua namna ya kuituliza. Mchunga wa Pwani ni mchungu kweli kweli, lakini upike kwa tui la nazi, uule na ugali, utaomba uongezewe. Mgagani nao una uchungu wake. Wakalenjin na Waluo huutuliza kwa maziwa. Hata kishona-nguo, yale majani ambayo mbegu zake hung'ang'ania suruali yako ukitoka shambani, yakiwa machanga huchanganywa na mboga nyingine chunguni. Hayo yote ni maarifa ya watu waliojaribu, wakaonja, wakafundisha watoto wao.

Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Katika kazi hiyo iliorodheshwa mimea ya asili takriban 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Ninaifurahia orodha hiyo kwa moyo wote. Ila orodha haipaliliwi wala haipikwi. Anayeamua kama mboga hizi zitabaki ni yule anayepalilia shamba, na huyo siku hizi mara nyingi hana jembe mkononi, amebeba bomba la dawa mgongoni.

Hapa ndipo ninapoumia, msikilizaji. Aliyepalilia kwa jembe alikuwa na nafasi ya kuchagua: hili ng'oa tupa, hili weka kikapuni. Akirudi nyumbani jioni alikuwa amesafisha shamba na amepata kitoweo. Dawa ya magugu haichagui. Inaua mnavu, inaua mchicha wa shambani, inaua mgagani, na inaviua katika zile wiki ambazo nyumba inavihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Kisha mama wa nyumba hiyo anakwenda sokoni kununua fungu la mnavu. Sisemi mkulima arudi kuumia mgongo kwa jembe. Kibarua cha kupalilia ni ghali, na vijana wameondoka kwenda mjini. Nasema dawa hiyo ina gharama ambayo haikuandikwa kwenye chupa, nayo inalipwa jikoni.

Wanaotaka kuanza kuchuma, niwape tahadhari. Jani usilolijua usilile mpaka anayelijua akuoneshe. Usichume kando ya barabara kuu, penye maji taka, wala mahali palipopuliziwa dawa. Matunda mabichi ya mnavu yana sumu, yaache. Anayetumia vidonge vya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari kabla ya kuzidisha thabai, maana ina vitamini K nyingi. Na yule anayekuuzia unga wa thabai akidai unaponya kisukari na saratani, mpite. Thabai ni chakula kizuri. Haihitaji kusingiziwa udaktari.

Ombi langu kwa wakulima ni dogo: acheni ukanda mmoja kando ya ua usioguswa na dawa, hata kama ni upana wa hatua mbili. Na kwa maafisa wa kilimo wa kaunti: mnapowakusanya wakulima kuwafundisha jinsi ya kuangamiza magugu, kabla hamjafungua chupa, waiteni wazee wa hapo kijijini, mtembee nao shambani, wawaoneshe vijana ni yapi kati ya hayo yanayoliwa na yanapikwaje.